Kitenzi "Kupiga" katika Magazeti ya Kale: Ushahidi wa Masasi na Newala

Mwaka 1870 Edward Steere alitoa London kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Alipofika kwenye kitenzi kupiga hakuweza kukimaliza kwa mstari mmoja. Ilimbidi apange orodha: kupiga bunduki, kupiga kengele, kupiga kelele, kupiga magoti, kupiga pasi, kupiga randa, kupiga ramli, kupiga kura, kupiga chapa. Miaka sita baadaye, mwishoni mwa 1876, Steere huyohuyo, ambaye sasa alikuwa askofu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akashuka nao Lindi na kupanda bara kuelekea Ziwa Nyasa. Nyasa hawakufika. Walitua Masasi, chini ya milima ya mawe, wakajenga kijiji chao hapo. Wanaisimu hukitaja kitabu, wanahistoria huitaja safari, na ni nadra vitu hivi viwili kuwekwa pamoja. Naona ni habari moja. Mtu aliyeorodhesha kazi za kitenzi hicho ndiye aliyeanzisha Masasi jamii ambayo, kabla ya miaka ishirini kupita, ilikuwa ikipeleka habari zake katika gazeti la Kiswahili. Hoja ya makala haya ni kwamba kupiga, kama kilivyotumika katika uandishi wa habari wa zamani, kimehifadhi historia ya vyombo vya habari vyenyewe. Kila chombo kipya kilipofika kusini kilipokewa kwa kitenzi hicho, kwa kuwa watu walikwisha kuzoea kwamba habari ni kitu kinachopigwa.

Tuanze kabla ya karatasi. Katika nchi ya Wamakonde, Wayao na Wamakua, kama ilivyokuwa pwani, habari ya watu wote haikunong'onwa. Ilipigiwa mbiu, ilipigiwa pembe, ilipigiwa ngoma. Msafara uliokuwa ukikaribia mji mkubwa ulipiga bunduki ili wenyeji wajue kwamba wageni wanakuja na hawaji kwa siri. Juu ya nyanda za Newala, mlio wa ngoma za jando au za unyago uliwafikia watu wa vijiji jirani kabla hawajaona mtu yeyote, nao walijua kwa mdundo ni shughuli gani na imefika wapi. Karl Weule, mtafiti wa makumbusho ya Leipzig aliyekaa Masasi, Chingulungulu na Newala mwaka 1906, alitumia sehemu kubwa ya safari yake kurekodi ngoma na nyimbo hizo. Kiswahili kina msemo kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na ndani yake mna kanuni nzima ya tangazo: kwanza sauti inayowakusanya watu, kisha jambo lenyewe. Anayepiga hatangazi jambo lake binafsi. Anaufanya umma uwepo mahali ambapo kabla yake palikuwa na watu waliotawanyika katika mashamba yao. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo lililovuka kutoka kwenye ngoma hadi kwenye gazeti.

Masasi ya mwanzo iliishi kwa barua. Kutoka Lindi hadi mlima Mtandi wa Masasi ilikuwa safari ya siku kadhaa kwa mguu, na barua ya kwenda Unguja ilisubiri mpeleka barua, kisha chombo cha baharini. Habari kubwa ya miaka hiyo ya kwanza ilikuwa habari ya kupigwa. Mnamo Septemba 1882, wiki chache baada ya Steere kufariki Unguja, Wangoni ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara walikishambulia kijiji cha misheni, wakaua, wakachoma, wakachukua mateka. W. C. Porter aliwafuata hadi nchini kwao kutafuta njia ya kuwakomboa waliochukuliwa. Chauncy Maples akakihamishia kituo kikuu Newala mwaka uliofuata, karibu na Matola, chifu wa Kiyao aliyekuwa rafiki wa wamisionari. Hapa kitenzi chetu kinaonekana katika maana yake kali kabisa: mji umepigwa, watu wamepigwa. Msomaji wa leo akiisoma historia ya Masasi kuanzia mwaka huo anaweza kudhani kwamba hii ndiyo maana ya msingi na kwamba nyingine zote ni vivuli vyake. Nitairudia dhana hiyo baadaye, kwa maana ndiyo pingamizi zito kuliko yote.

Mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa Unguja na misheni ya UMCA, likitayarishwa Kiungani, chuo ambamo vijana waliokombolewa pamoja na watoto kutoka vituo vya bara walisomeshwa ualimu na ukasisi. Huhesabiwa kuwa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Taarifa zake zilitoka vituoni, Masasi na Newala vikiwamo, na waliozileta ni walimu na watumishi wa kanisa Waafrika: nani amefika, nani amefariki, mvua imekuwaje, shule ina watoto wangapi, vita viko wapi. Lugha ilikuwa Kiswahili, maandishi yalikuwa ya Kilatini, na kazi ya mtambo iliitwa kupiga chapa. Neno chapa limetoka Bara Hindi, lakini kitenzi kilikuwa cha nyumbani, na maana ya maneno hayo mawili yakiungana ilieleweka bila maelezo: unakipaka chuma wino, unakibana kwenye karatasi, alama inabaki. Steere mwenyewe alikuwa amejifunza kazi hiyo na kuwafundisha vijana wa misheni. Kwa hiyo waliokuwa wakipiga chapa Unguja na waliokuwa wakiandika kutoka Masasi walikuwa watu wa asili moja, mara nyingine wa chuo kimoja. Kijana wa Kiyao aliyejua harufu ya wino wa Kiungani ndiye aliyerudi bara kuwa mwalimu, na alipopeleka taarifa yake alijua barabara mikono itakayoipokea na kazi itakayofanywa juu yake.

Ni vizuri kumtaja mmoja wao aliye katika kumbukumbu za wazi. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kukombolewa, alisoma Kiungani na baadaye Canterbury nchini Uingereza. Alifanywa shemasi mwaka 1886, akapelekwa Chitangali kwa chifu Nakaam, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Lugha yake ya kwanza haikuwa Kiswahili. Hali ilikuwa hivyo kwa karibu wote waliounda uandishi huu. Madan, mtu wa Kiungani aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili ya 1903, alikuwa amekusanya mwaka 1887 masimulizi ya wavulana wa chuo hicho, na humo mnaonekana jinsi walivyotoka kwa Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na mataifa mengine mengi. Kwa mtu anayejifunza lugha, kitenzi kimoja kinachobeba majina mengi ni msaada mkubwa: ukijua jina la kitu na ukajua kupiga, umepata tendo. Kamusi ya Madan iliona jambo hili kwa namna yake, ikaeleza kwamba kitenzi kimeenea mbali sana na maana ya kugonga. Simaanishi kwamba watu wa bara ndio waliobuni matumizi haya. Orodha ya Steere inaonyesha kwamba yalikuwapo Unguja kabla Masasi ya wamisionari haijazaliwa. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa habari ambaye lugha aliipata shuleni alikuwa na sababu ya kukishika kitenzi hiki na kukipanua, na kwamba gazeti lilimpa mahali pa kufanyia hivyo mbele ya wasomaji wengi.

Sasa pingamizi la kwanza. Mtu anaweza kusema kwamba lugha iliyojaa kupiga ni lugha ya zama za kupigwa. Waliokuwa wakiandika walikuwa watu waliopitia minyororo. Nchi yao ilikuwa imepigwa na Magwangwara. Kisha ukaja utawala wa Kijerumani na viboko vyake, ile adhabu ya ishirini na tano ambayo Waswahili waliiita hamsa ishirini. Kisha Vita vya Majimaji, ambavyo katika Agosti 1905 viliiteketeza misheni ya Masasi na kuwafanya wamisionari wakimbilie Lindi. Je, ni ajabu kwamba hata kazi ya kuandika iliitwa kwa jina la pigo? Naliheshimu pingamizi hili, kwa kuwa mateso hayo yalikuwa ya kweli na hayapaswi kupunguzwa kwa ajili ya sarufi. Lakini sarufi yenyewe inalikataa. Katika sentensi ya adhabu au ya vita, kitenzi kina mtu anayeumia: mfungwa amepigwa, kijiji kimepigwa. Katika kupiga chapa, kupiga kengele, kupiga mbiu au kupiga pasi hakuna anayeumia. Jina linalofuata kitenzi ni chombo, au sauti, au alama inayobaki. Ukiipitia tena orodha ya 1870 utaona kwamba imetawaliwa na mafundi na wapiga ala: seremala na randa yake, dobi na pasi yake, mwenye kengele. Waandishi wa zamani hawakuzichanganya sentensi hizo mbili. Mtu angeweza kupeleka habari ya kijiji kilichopigwa na ikapigwa chapa, na hakuna msomaji wa Kiswahili ambaye angetatizika kujua ni kipi kilichoumia.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa hoja yangu ni simu. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi na maana yake ni waya. Wajerumani walipoufikisha waya wao katika miji ya pwani ya kusini, Kilwa, Lindi na Mikindani, habari ya Masasi ambayo zamani ingesubiri upepo wa jahazi sasa ilisubiri mguu wa tarishi hadi Lindi tu. Kazi ya karani wa simu ilikuwa kugonga kitufe kwa vidole, pigo fupi na pigo refu. Kwa hiyo kupiga simu, kabla mtu yeyote wa huku hajasikia sauti ikitoka kwenye waya, yalikuwa maelezo sahihi ya tendo lenyewe, kama ilivyokuwa kupiga chapa. Zama hizo ndizo zilizoleta Kiongozi, gazeti la shule ya serikali ya Tanga lililoanza mwaka 1904 na kuandikiwa na walimu wa serikali kutoka miji ya pwani na bara. Na mwaka 1910 Walutheri wakatoa Pwani na Bara, Wakatoliki wakatoa Rafiki Yangu. Simu iliwapa wahariri wa aina hiyo habari za mbali kwa siku, na lugha ikawapa jina la tendo bila kukopa kitenzi kipya. Vyombo vya Weule, aliyefika Newala na kamera, sinema na mashine ya kunasa sauti, vilikuja kuingia katika mlango huohuo: Kiswahili kimesema kupiga picha na kupiga santuri. Hapa mkono haugongi tena kitu kwa nguvu. Kitenzi kimeacha kueleza mguso na kinaeleza tendo la mtu aliyeshika chombo, anayetoa kitu cha kuonwa au kusikiwa na wengine.

Inafaa kukumbusha hapa kwamba waya usioonekana, yaani redio, nao uligusa habari za nyanda za Makonde. Mnamo Novemba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walirusha chombo cha angani kiitwacho L59 kutoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na dawa na risasi kwa ajili ya askari wa kamanda wao Lettow-Vorbeck waliokuwa wamesukumwa hadi pande za Newala. Kilivuka bahari na jangwa, kikafika juu ya Sudan, ndipo kikaitwa kwa redio kirudi, kwa sababu mahali kilipokusudiwa kutua palihesabiwa kuwa pamekwisha kupotea. Siku chache baadaye Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji, na kikosi cha ofisa wake Tafel, kilichochelewa kuungana naye, kikasalimu amri. Kwa wakazi wa Masasi na Newala vita hivyo vilimaanisha upagazi, njaa na maradhi, na magazeti ya Kiswahili ya Wajerumani yalikuwa yamekwisha kunyamaza. Ndiyo maana habari kubwa kama hiyo haikusimuliwa na magazeti hayo siku zake.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaojua lugha za Mashariki. Watasema kwamba Waswahili hawakubuni kitu, kwa kuwa Kiarabu hutumia kitenzi cha kupiga, daraba, kwa kupiga mfano, kupiga hema, kupiga sarafu na kupiga ramli. Na Kiajemi hutumia zadan, kupiga, kuundia vitenzi vingi vya kila siku, ikiwamo kuzungumza na kupiga simu. Ukweli huu ni wa kukubaliwa waziwazi. Kupiga ramli na kupiga mfano yana sura ya Kiarabu isiyofichika, na pwani iliyofanya biashara na Oman na Ghuba kwa karne nyingi haikuwa na sababu ya kuziba masikio. Lakini mkopo hauelezi uenezi. Kiswahili kimekopa mamia ya maneno ya Kiarabu ambayo hayakuzaa chochote zaidi ya yenyewe. Kupiga kilizaa kwa sababu kilikuta desturi iliyokwisha kuwa na mizizi, ya ngoma, pembe na mbiu, na desturi hiyo ilikuwa na nguvu bara kama pwani. Pia chapa ni ya Kihindi, simu ni ya Kiajemi, picha ni ya Kiingereza, marufuku ni ya Kiarabu, na yote yamekaa chini ya kitenzi kimoja cha Kibantu bila ugomvi. Lugha inayoiga tu haifanyi hivyo. Kitenzi kilikuwa kama jamvi la baraza, ambalo mgeni yeyote huketi bila kuulizwa katoka wapi, mradi aketi kwa adabu ya nyumba.

Serikali ya Waingereza ilipoanzisha Mambo Leo mwaka 1923 kupitia idara yake ya elimu, kitenzi kilipata kazi ambayo kwa maoni yangu haikukipendeza: kupiga marufuku. Tangazo la serikali ni mrithi wa mbiu, lakini mbiu iliwakusanya watu wasikie jambo, na marufuku iliwataka waache. Gazeti hilo lilisomwa kwa sauti kwa wasiojua kusoma, na amri za biashara, kodi na ngoma zilipita humo pamoja na mashairi na mafunzo ya kilimo. Upande wa pili wa ukurasa walisimama wasomaji wenyewe. Mshairi au mwandishi wa barua alianza kwa kumpigia hodi mhariri na kumwomba nafasi, kama mtu anayesimama nje ya nyumba ya mwenziwe, na ukimwona mwalimu wa kijijini akibisha hodi kwenye gazeti la serikali unaelewa kwamba aliliona kuwa nyumba yenye mlango, si ukuta. Haya mawili, marufuku ya juu na hodi ya chini, yalikaa katika gazeti moja kwa kitenzi kimoja. Erica Fiah alipotoa Kwetu Dar es Salaam mwaka 1937, gazeti la Mwafrika lisilo la serikali wala misheni, hodi ilipata nyumba nyingine ya kubishwa.

Kura ndiyo iliyobadilika zaidi. Kwa Steere, na katika Biblia ya Kiswahili, kupiga kura ni kumwachia Mungu au bahati iamue, kama Mathiya alivyopatikana kushika nafasi ya Yuda. Mpiga kura wa aina hiyo hachagui. Anangoja kura imwangukie mtu. Kisha ukaja uchaguzi wa 1958 na 1959, ule uliopewa jina la Kura Tatu kwa sababu kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, sharti ambalo chama cha TANU kililikubali baada ya mkutano mkali wa Tabora wa Januari 1958. Magazeti ya siku hizo, Mwafrika na Sauti ya TANU kati yao, yalikuwa na kazi ya kumfundisha msomaji maana mpya kwa maneno ya zamani. Mtu wa Newala aliyesikia kanisani kwamba kura ni ya Mungu sasa aliambiwa kwamba kura ni yake. Naliona badiliko hili kuwa kubwa kuliko lolote ambalo kitenzi kilipitia, maana hapa anayepiga hatoi sauti tu kwa umma. Anatoa uamuzi, na uamuzi huo unahesabiwa. Wangeweza kuunda kitenzi kipya. Walikiacha cha zamani kifanye kazi, na watu wakaelewa.

Baada ya uhuru kitenzi kiliongezwa viambishi na kupelekwa vitani tena. Wapigania uhuru lilikuwa jina la kila siku katika magazeti ya miaka ya 1960, na hakuna mahali Tanzania palipolisoma kwa karibu kuliko ukingo wa Ruvuma. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilianza mapambano Septemba 1964 huko Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, kati ya Wamakonde ambao ni ndugu wa Wamakonde wa Newala. Wakimbizi walivuka, na kambi ya Nachingwea ilikuwa jirani na Masasi. Kupiga vita ujinga, umaskini na maradhi yalikuwa maneno ya upande wa ndani. Wakati huo mtoto wa Masasi ndiye aliyekuwa kwenye meza ya mhariri: Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, aliongoza uhariri wa The Nationalist na Uhuru kuanzia 1966, kisha Daily News mwaka 1972, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi wa kwanza wa shirika la habari la Shihata. Wanaomkumbuka kama rais tu husahau kwamba mkoa uliopeleka barua Kiungani katika miaka ya 1880 ndio uliomtoa mhariri huyo, na kwamba kati ya mwalimu wa Msimulizi na mhariri wa Uhuru hapakupita hata karne moja.

Limebaki pingamizi la mwisho, nalo hutolewa na walimu na wahariri wa leo: kwamba kupiga ni kitenzi cha uvivu, kwamba mwandishi makini atafute tendo mahususi. Palipo na tendo mahususi lililo wazi, na alitumie. Lakini tuangalie kilichotokea kwa kupiga chapa, mahali ambapo lugha kweli ilibadilisha. Leo twasema kuchapa na kuchapisha, na jina la kitu limegeuka kuwa kitenzi. Kitenzi hicho kipya hakikukimbia pigo hata kidogo: kuchapa ni pia kumchapa mtoto fimbo, kuchapa mwendo, kuchapa kazi. Lugha iliacha pigo moja ikashika jingine. Na mahali pengine haikuacha kabisa. Simu zetu hazina kitufe cha kugonga wala waya, picha zetu hazina karatasi, na bado tunazipiga. Wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba kila msimu husubiri korosho zao zipigwe mnada, na bei iliyopigwa ndiyo habari ya siku katika vijiji vyote vya nyanda. Kitenzi kivivu hakidumu katika biashara ambamo neno lisiloeleweka humgharimu mtu mavuno ya mwaka. Mhariri anayekifuta kila anapokiona anafuta pia ushahidi wa jinsi watu wa nchi hii walivyoipokea kila mashine ya habari kwa mikono yao wenyewe, na ningemsihi aache kwanza kalamu yake, asome toleo moja la Msimulizi au la Mambo Leo, kisha ndipo aamue.

Serikali, walau, haijakifuta. Imepita miaka mingi tangu chuma na wino vya kubana kwa mkono viondoke mitamboni, na bado cheo cha ofisa anayesimamia uchapaji wa nyaraka za serikali ya Tanzania ni Mpigachapa Mkuu wa Serikali.